Mfundishe Ukiwa Bado Njiani

Msikilizaji wangu, kama uko gereji na mikono bado ina grisi, usizime redio, maana leo nakuanzia wewe. Kama uko ofisini unamalizia ripoti, nawe kaa hapohapo, zamu yako itafika.

Swali la leo ni hili: mtu anapaswa kumfundisha mwenzake kazi wakati gani? Uliza hapa Arusha, wengi watakujibu kwamba kufundisha ni shughuli ya aliyekwishafika. Ngoja kwanza nijenge. Ngoja nipate mtaji. Ngoja nipande cheo, halafu nitawashika mkono wadogo zangu. Ni jibu la adabu, na anayelitoa mara nyingi ana nia njema. Mimi nasema linamchelewesha mwanafunzi, na linamchelewesha zaidi huyo anayengoja. Mfundishe mtu ukiwa bado njiani. Tena mfundishe kwa faida yako pia, wala usione haya kulisema hilo.

Tuanze na gereji, kwa kuwa Arusha bila gereji si Arusha. Mji huu unakula kwa utalii, na utalii unatembea kwa magari. Land Cruiser zinaingia Serengeti kwa lango la Naabi, zinapigwa na ile barabara ya matuta madogomadogo siku nzima, zinarudi mjini zikilia kila kona. Masika yakiingia na wageni wakipungua, zinapangwa gereji kupigwa sopusopu: bodi, rangi, springi, umeme, paa la kufunguka, kila kitu. Kwenye kila gereji ya namna hiyo utamkuta fundi, na pembeni yake chalii anayeitwa spanaboi.

Sasa msikilizaji, wapo mafundi wa aina mbili, na nimewaona wote.

Wa kwanza anamwita chalii pale tu anapotaka spana. "Lete namba kumi na saba. Shika hapa. Toka." Ikifika sehemu yenyewe ya ujuzi, pale pa kurekebisha kitu kwa kipimo, anageuza mgongo, au anamtuma chalii dukani akanunue vocha. Chalii akirudi, kazi imekwisha na boneti imefungwa. Fundi huyo anaamini ametunza siri ya mkate wake.

Wa pili nilimkuta siku moja hapa Elerai, gari limewekwa juu ya stendi, springi ya nyuma kushoto imekatika jani. Chalii akatoka uvunguni akasema, "Fundi, springi imevunjika." Fundi akamjibu, "Hilo hata mteja ameliona. Wewe niambie kwa nini imevunjika upande huu, na kwa nini katikati." Chalii akarudi chini. Akakaa kimya muda. Kisha akasema nati za yubolti zinazunguka kwa vidole, na pale springi inapokaa kwenye ekseli pana mstari unaong'aa, hapana kutu. Fundi akamuuliza mng'ao huo unamwambia nini. Chalii akafikiri. Akajibu kwamba springi ilikuwa inacheza, inasuguana na chuma, na kila gari lilipopiga shimo uzito wote uliangukia pale katikati penye tundu la bolti. "Basi tukibadilisha jani peke yake tutakuwa tumefanya nini?" "Tutakuwa tumemwibia mteja, fundi. Litakatika tena."

Mazungumzo hayo hayakuchukua hata muda wa kunywa kikombe cha chai. Hakuna ubao ulioandikwa wala ada iliyolipwa. Lakini chalii yule alitoka uvunguni akiwa na kitu ambacho hakikuwamo kichwani mwake alipoingia: kutafuta chanzo kabla ya kubadilisha kipuri. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chalii aliinama, na fundi akahakikisha hakuinuka mikono mitupu.

Nakuomba sasa uangalie kilichompata fundi mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hawatazami.

Fundi wa kwanza, yule mficha siri, hawezi kuumwa. Hawezi kwenda msibani. Yuko Kikatiti anazika shangazi, simu inaita: "Fundi, gari la mteja limefunguliwa na hakuna anayejua kulifunga." Hawezi kwenda Njiro kuonana na kampuni yenye magari 15 inayotafuta gereji ya kudumu, kwa kuwa akiondoka kazi inasimama. Hawezi kwenda kusoma kozi ya jioni ya magari ya kisasa. Amejijengea ukuta kuzunguka ujuzi wake, na mwenyewe amebaki ndani. Miaka kumi baadaye utamkuta chini ya mti uleule, anafungua nati zilezile, na analalamika kwamba mji huu hauna shukrani.

Fundi wa pili asubuhi moja anaweza kumwambia chalii, "Hiyo springi malizia wewe, mimi naenda kuonana na bosi wa kampuni." Akirudi anakagua, anasaini, anapokea malipo. Ameanza kuwa na gereji, maana awali alikuwa na mikono yake miwili tu. Kupanda kwake kumetegemea mtu wa kushika pale anapopaacha. Na hii ni kanuni ya kila kazi: hupandishwi kutoka nafasi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuishika. Mwajiri akijua ukiondoka kwenye meza ile kila kitu kitakwama, atakusifia sana, na atakuacha kwenye meza ileile.

Kuna faida ya pili, nayo imo ndani ya lile swali la "kwa nini katikati". Fundi anayeuliza sababu analazimika kuijua sababu. Mambo mengi tunayafanya kwa mazoea. Mkono unajua, mdomo haujui. Siku ukimfundisha mtu ndipo unagundua kwamba kuna hatua unayoiruka, au kuna jambo ulilolishika kwa kuona tu bila kulielewa. Usiku huo utamuuliza fundi mkubwa zaidi yako, au utatafuta kwenye simu. Mwanafunzi amekusomesha bila kujua.

Na siku hizi elimu yenyewe haishuki tu, inapanda vilevile. Magari mapya yana kompyuta. Unachomeka mashine ya kupima, inakuletea namba ya hitilafu. Fundi aliyezoea kusikiliza injini kwa sikio anahitaji chalii aliyezoea kubofya vioo vya simu. Chalii naye anahitaji sikio la fundi, kwa sababu mashine inaweza kutaja sensa kumbe ni waya uliokatika. Wawili hao wakikaa kila mmoja na chake, mteja anahamia gereji nyingine. Wakibadilishana, wote wawili wamepanda.

Msikilizaji, pengine unasema haya ni maneno ya gereji, wewe lete mtu tunayemjua. Haya, nakuletea.

Pita Soko la Wamasai, pale barabara ya Fire, uangalie picha zilizotundikwa: chui wenye madoa makubwa, ndege wenye shingo ndefu, Mlima Kilimanjaro juu ya twiga, rangi zinazong'aa kama zimepakwa asubuhi hii. Watu wanaziita Tingatinga. Wapo vijana wanaoziuza wasiojua kwamba hilo ni jina la mtu.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini ya nchi yetu. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam, akawa mtu wa bustani na vibarua vya hapa na pale. Kuchora alianza mwaka 1968, mtu mzima wa miaka 36. Chuo cha sanaa hakukiona. Alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba za kupigia dari, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vitu alivyoweza kuvinunua. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, walikokuwa wakipita wageni kununua mahitaji yao.

Sasa sikiliza. Tingatinga hakungoja kuwa msanii mkubwa ndipo aite vijana. Alikuwa bado anahangaika, bado anauza picha kwa bei ndogo, alipoanza kuwakalisha ndugu na jamaa zake karibu naye na kuwapa brashi. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, na ndugu yake Simon Mpata. Walijifunza palepale alipokuwa anafanyia kazi, kwenye picha zile zile za kuuzwa. Kwa hesabu ya yule fundi wetu mficha siri, Tingatinga alikuwa anajitafutia wapinzani watano pale pale dukani kwake.

Mwaka 1972 polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Akafariki. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Chukua kalamu upige hesabu hiyo mwenyewe. Mtu ana miaka minne ya kazi, na hajui kwamba ni minne. Angesema "ngoja kwanza nifike", leo tungekuwa na picha chache zilizotawanyika kwenye nyumba za wageni walioondoka nchini, na jina lake lingejulikana na wataalamu wachache. Lakini wanafunzi wake waliendelea. Walikaa pamoja, wakaunda umoja wao, na mwaka 1990 wakawa na chama rasmi cha ushirika. Nao wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine. Leo kuna familia Dar es Salaam, Zanzibar na hapa Arusha zinazosomesha watoto kwa mtindo aliouanzisha mtu aliyekuwa na brashi kwa miaka minne.

Wako wanaolalamika kwamba wachoraji wengi wa siku hizi wanarudufu tu, chui yuleyule mara elfu. Lalamiko hilo lina ukweli, na ni funzo kwetu sote tunaofundisha: ukimpa mtu mkono wako bila kumpa macho ya kutafuta cha kwake, atabaki kukunakili. Hata hivyo, mnakili anayelipa ada ya mtoto ni bora kuliko ujuzi uliozikwa na mwenyewe.

Nikutajie mwingine, na huyu alipita mkoa wetu huuhuu. Kamoya Kimeu alikuwa Mkamba kutoka Makueni, Kenya. Akiwa kijana alichukuliwa kama kibarua wa kuchimba katika Bonde la Olduvai, kwenye kazi ya watafiti Louis na Mary Leakey. Kazi ya jembe na brashi, juani, kutafuta visukuku, yaani mifupa ya kale iliyogeuka mawe. Huko ndiko alikojifunza namna ya kuangalia. Mwaka 1964, huko Peninj, magharibi ya Ziwa Natron, msafara ulikuwa ukiongozwa na Richard Leakey, kijana wa miaka 19 wakati huo, pamoja na Glynn Isaac. Ni Kimeu aliyeliona taya la kale la jamii ya zamadamu, lile ambalo wataalamu wanalitaja kwa jina la Peninj mpaka leo.

Kimeu angeweza kukaa na jicho hilo akalifanya mali yake. Lakini yeye aliwafundisha wenzake. Akawa kiongozi wa kikosi cha Waafrika wasaka visukuku kilichopata sifa duniani kote, wengi wao watu wasio na shahada, waliojifunza kutembea polepole kwenye kokoto wakitambua mfupa kati ya mawe elfu. Mwaka 1977 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalimpa dhamana ya kusimamia maeneo yote ya kale ya nchi hiyo. Mwaka 1984, magharibi ya Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu, rangi yake karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Hapo ndipo uzuri wa habari hii ulipo. Jicho moja liliona kipande kimoja. Kilichofuata kilihitaji mikono mingi iliyofunzwa: kuchimba, kuchekecha udongo, kuokota mfupa baada ya mfupa, mpaka ikapatikana sehemu kubwa ya mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Bila kikosi, Kimeu angekuwa ameokota kipande cha fuvu. Akiwa na kikosi, aliingia kwenye vitabu. Mwaka uliofuata alikabidhiwa medali Marekani na Rais Ronald Reagan, na wanasayansi wamewapa viumbe wawili wa kale majina yanayotokana na lake. Alifariki mwaka 2022.

Tingatinga alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya mkonge. Kimeu alikuwa kibarua wa kuchimba. Hakuna hata mmoja aliyesubiri cheo ndipo afundishe. Ukitazama vizuri, kufundisha ndiko kulikowapa cheo.

Sasa nijibu wanaonipinga, maana najua wapo na wana hoja.

Hoja ya kwanza: "Nikimfundisha, atafungua gereji ng'ambo ya barabara na kunichukulia wateja." Ndugu yangu, hilo hutokea. Nimeliona, nawe umeliona. Sitakudanganya kwamba kila chalii ana shukrani. Lakini tazama gereji zinavyofanya kazi. Kuna fundi wa injini, fundi wa umeme, wa bodi, wa rangi, wa springi, wa viti. Hakuna anayemaliza gari peke yake. Chalii wako aliyehama akaenda kubobea kwenye umeme ndiye utakayempelekea kazi ya umeme, naye atakuletea ya injini, na mtaelewana bei haraka kuliko na mtu baki, kwa kuwa unajua mkono wake ulivyo. Ukimficha ujuzi, ataondoka vilevile, tena akiwa na kinyongo, na kazi zake mbovu atazitangaza kwa jina lako: "Mimi nimetoka kwa fundi fulani."

Hoja ya pili: "Sina muda, nami natafuta." Hiyo ni hoja nzito zaidi, na jibu lake ni kiasi. Usichukue vijana wanane ukawa mlezi wa kituo. Chukua mmoja, au wawili. Usimwekee darasa, mfundishe ndani ya kazi ambayo ungeifanya hata hivyo. Swali moja zuri kwa siku linatosha. Tena mtu aliye hatua mbili tu mbele ya mwanafunzi mara nyingi hufundisha vizuri kuliko aliye hatua ishirini mbele. Bado anakumbuka alipokwama. Fundi mkongwe amesahau kwamba kuna wakati hakujua kutofautisha nati ya kushoto na ya kulia.

Wanaopanda Mlima Meru wanalijua hili. Mgumu, yaani mpagazi, anapandisha mzigo kutoka lango la Momella hadi kibanda cha Miriakamba, kisha Saddle, wageni wakielekea kilele cha mita 4,566. Anayemfundisha mgumu huyo majina ya ndege, Kiingereza cha kumtuliza mgeni anayetapika usiku, na dalili za mtu aliyezidiwa na kimo, kwa kawaida ni gaidi msaidizi, yaani mwongoza wageni msaidizi, ambaye juzijuzi naye alikuwa amebeba mzigo. Gaidi mkuu yuko mbele na wageni. Na gaidi msaidizi anayejulikana kwamba wagumu wake wanajua kazi, huyo ndiye kampuni itakayempa msafara wake mwenyewe.

Hoja ya tatu sikubaliani nayo hata kidogo, ingawa ndiyo inayotumika sana: "Mimi niliteswa ndipo nikajua, naye ateseke." Hapo, msikilizaji, tuseme wazi. Kuna vijana mjini hapa wanaoitwa wanafunzi wa fundi miaka nenda rudi, na kazi yao ni kuosha vipuri kwa dizeli, kufagia na kufuata chai. Hawalipwi, hawafundishwi, wala hawaambiwi lini watamaliza. Huo si uanagenzi, ni utumishi wa bure uliovikwa koti la malezi. Mkono mtupu haulambwi. Kijana anayekusaidia kuingiza fedha ale, apate nauli, na mgawo wake upande kadiri mkono wake unavyopanda. Tena sheria ipo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya 18 haruhusiwi kazi za hatari. Mtoto wa darasa la tano asikutwe uvunguni mwa gari saa nne asubuhi kwa kisingizio kwamba anafundishwa maisha.

Na wasichana nao. Bado kuna mafundi wanaosikia binti anataka kujifunza kuchomelea, wanamwelekeza kwenye cherehani. Cherehani ni kazi nzuri, ila yeye ameuliza kuhusu kuchomelea. Mpe miwani na glovu, umwonyeshe. Moto wa mashine hauulizi aliyeishika ni nani.

Kwenu mlio maofisini, sikuwasahau. Arusha ina Makao Makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ina mahakama, benki, hospitali, mashirika na kampuni za utalii, na karibu kila ofisi hupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Wengi wao wanamaliza wiki zao wakijua vizuri sana mashine ya fotokopi ilipo. Wewe afisa mwenye miaka mitatu kazini, unayeota kuwa meneja, mkalishe kijana mmoja umwonyeshe namna unavyoandaa ile ripoti ya mwezi: takwimu unazitoa wapi, nani wa kumpigia, kosa gani bosi halisamehe. Mwezi wa tatu ataandaa yeye, utakagua wewe. Muda utakaoupata utumie kujifunza kazi ya meneja. Bosi wako ataona mambo mawili kwa mpigo: kwamba dawati lako halitakufa ukiondoka, na kwamba unaweza kuongoza mtu. Wanaopandisha watu vyeo hawatafuti mengi zaidi ya hayo mawili.

Basi tufanyeje? Nina mambo matatu, nayasema kwa ufupi kwa kuwa muda unanitupa mkono.

Kwanza, patana na mwanafunzi wako mapema. Mwambie atajifunza nini, kwa muda gani, na atapata nini mfukoni. Kama mzazi wake yupo, akae akasikie. Makubaliano ya mdomo mbele ya shahidi yanazuia ugomvi mwingi, na ya maandishi yanazuia zaidi.

Pili, kati ya mambo ya siri unayodhani ndiyo mkate wako, chagua moja mwezi huu ulifundishe. Utakuta mkate ulikuwa kwenye uaminifu wako kwa wateja na bidii yako, vitu ambavyo hakuna chalii anayeweza kukuibia.

Tatu, msindikize mpaka apate karatasi. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumtunuku cheti kwa ujuzi alio nao, bila kumrudisha darasani kuanza alifu. Chalii wako apimwe. Na wewe fundi, ambaye ulijifunza hivyohivyo kwa fundi wako na hujawahi kuwa na cheti, nenda naye. Kampuni za magari mengi huuliza vyeti kabla hazijaleta kazi, na gereji yenye mafundi wawili waliothibitishwa inafungua mdomo kwa sauti nyingine.

Msikilizaji, wiki hii usingoje kufika. Kesho asubuhi, kabla hujamwambia yule chalii akuletee spana, muulize kwanza anafikiri gari lina tatizo gani, umpe nafasi ajibu. Kisha umfundishe.